Kwa Nini Nyimbo za Waingereza Zinapata Taabu Katika Chati Yao Wenyewe

Swali: Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha muziki wa kigeni katika redio moja ya Mombasa. Kila Ijumaa huisoma chati ya singo ya Uingereza, yaani orodha ya nyimbo moja moja zinazoongoza huko kila wiki, ili kuchagua nyimbo za kipindi cha Jumamosi, na kwa muda sasa naona nafasi za juu zimejaa Wamarekani. Watangazaji waliotutangulia studioni walikuwa wakiitegemea Uingereza kwa nyimbo mpya. Je, Waingereza wameishiwa, au chati yao imeharibika? Na kwa nini serikali yao haiwawekei wenye redio sharti la kupiga nyimbo za nyumbani kama ilivyo Ufaransa?

Jibu: Ndugu mtayarishaji, ahsante kwa swali lako. Waingereza hawajaishiwa. Kuhusu chati yenyewe maelezo yatakuwa marefu zaidi, kwa sababu haijaharibika, ila imeacha kupima kile ilichokuwa ikipima zamani, na mabadiliko hayo yamewaumiza wanamuziki chipukizi wa Uingereza kuliko wenzao wa nchi nyingi za Ulaya.

Tazama kwanza miaka miwili iliyokaribiana. Hesabu ya mwaka 2022 ilipofungwa, nyimbo zote 10 zilizoongoza nchini humo zilikuwa za wasanii wa Uingereza au ziliwashirikisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu hesabu hizo za mwaka zilipoanza kuwekwa. Iliyotangulia zote ilikuwa As It Was ya Harry Styles, iliyokaa namba moja kwa wiki 10. Mwaka 2024, katika orodha hiyo hiyo ya 10 bora za mwaka, hakuwemo msanii hata mmoja wa Uingereza. Wimbo ulioongoza mwaka mzima ulikuwa Stick Season wa Noah Kahan, kijana wa jimbo la Vermont anayeimba juu ya majira ya kwao huko, miti inapobaki vijiti vitupu kabla theluji haijaanguka. Sabrina Carpenter peke yake alikaa namba moja kwa wiki 21 kwa nyimbo 3. Wimbo wa nyumbani uliofanya vizuri kuliko mingine yote ulikuwa Stargazing wa Myles Smith, kijana wa Luton, nao uliishia nje ya 10 bora.

Kutoka zote 10 hadi sifuri ndani ya miaka miwili si mwendo wa taifa lililoishiwa vipaji, maana vipaji havikauki kwa kasi hiyo. Ni mwendo wa chati ambayo nafasi zake za juu zimekuwa chache na nzito kiasi kwamba nyimbo 5 au 6 zinazong'ang'ania zinatosha kuugeuza mwaka mzima uwe wa taifa hili au lile. Ndiyo maana nakusihi usihesabu bendera katika 10 bora na kuishia hapo. Lililo zito ni kwamba, hata katika mwaka ule mzuri wa 2022, majina mengi ya juu yalikuwa ya watu waliokwisha kujulikana: Styles, Ed Sheeran, na Kate Bush aliyeutoa wimbo wake mwaka 1985.

Watangazaji waliokutangulia hawakukosea kuitegemea Uingereza, lakini tusiipake zamani rangi isiyokuwa yake. Siku chati hii ilipozaliwa, aliyeongoza alikuwa Mmarekani. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilichapisha orodha yake ya kwanza, ambayo Percy Dickins wa gazeti hilo aliikusanya kwa kupiga simu katika maduka 20 hivi ya santuri na kuuliza ni zipi zilizouzwa zaidi. Aliyekuwa juu ni Al Martino, mwimbaji wa Philadelphia, akabaki hapo wiki 9. Kwa miaka iliyofuata waimbaji wengi wa Uingereza waliishi kwa kuzirudia nyimbo zilizokwisha kuvuma Marekani. Mashindano na Marekani, basi, yana umri sawa na chati yenyewe, na enzi ya Beatles ilikuwa ushindi ndani ya mashindano hayo, wala haikuyamaliza.

Tofauti kubwa ya zamani ilikuwa mahali ambapo kura ilipigwa. Kura ilikuwa ununuzi wa santuri, na santuri ilinunuliwa dukani, katika mtaa wa mji wa Uingereza, na mtu aliyekuwa amesikia wimbo huo katika Radio 1 ya BBC iliyoanzishwa Septemba 1967, au ameuona katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kilichorushwa tangu Januari 1964 hadi Julai 2006, au amesoma habari zake katika magazeti ya muziki ya kila wiki. Waliochagua kitakachosikika katika milango hiyo yote walikuwa watu wa London na Manchester, waliokwenda kuzitazama bendi katika kumbi za karibu nao na kuwajua mameneja wao. Wimbo wa Kimarekani ulipaswa kupita katika milango hiyo hiyo, na mara nyingi ulitolewa Uingereza wiki kadhaa baada ya kutolewa kwao. Hakuna sheria iliyoitwa kinga ya muziki wa nyumbani, lakini kinga ilikuwepo katika namna kazi ilivyofanyika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Agosti 1995, pale bendi za Blur na Oasis zilipotoa singo siku moja, Jumatatu ya tarehe 14. Wiki ile habari ya nani atakuwa namba moja ilisomwa katika taarifa za habari za jioni. Blur waliuza nakala 274,000 na Oasis 216,000. Fikiria maana ya takwimu hizo: takriban watu nusu milioni walitoka majumbani, wakaenda madukani na kulipa fedha taslimu kwa ajili ya mojawapo ya nyimbo mbili za nyumbani. Jumapili iliyofuata wakakaa karibu na redio kusikiliza matokeo. Chati ilikuwa tukio la taifa, na tukio la taifa huwapendelea watu wa taifa hilo.

Kisha namna ya kuhesabu ikabadilika kwa hatua. Nyimbo zilizopakuliwa mtandaoni ziliingizwa katika chati mwaka 2005, na kuanzia Januari 2007 wimbo haukuhitaji tena kuwepo dukani ndipo uhesabiwe. Hatua hiyo ilifungua mlango kwa nyimbo za zamani kurudi, kwa sababu sasa kila kitu kilichowahi kurekodiwa kilikuwa kinauzwa wakati wote. Julai 2014 kampuni inayoandaa chati, Official Charts Company, ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni, ambapo wimbo uliosikilizwa mara 100 ulihesabiwa kuwa umeuzwa nakala moja. Mwaka 2017 kiwango kikapandishwa hadi mara 150, na tangu Julai 2018 kimegawanywa: kwa msikilizaji anayelipia huduma ni mara 100, na kwa yule asiyelipia, anayesikiliza pamoja na matangazo ya biashara, ni mara 600. Msikilizaji mmoja huhesabiwa si zaidi ya mara 10 kwa siku kwa wimbo mmoja.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo kiini kilipo. Mnunuzi wa mwaka 1995 alipiga kura mara moja. Alinunua wimbo wiki ya kwanza, na hata kama aliusikiliza kila siku kwa miaka 10 iliyofuata, chati haikujua. Msikilizaji wa leo anapiga kura kila anapobonyeza, na anaendelea kupiga kura wiki baada ya wiki akiwa anapika, akiwa ndani ya basi au mazoezini, mara nyingi bila kuchagua wimbo wenyewe, kwa kuwa ameiachia orodha iliyopangwa na jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, kama Spotify, ijiendeshe. Chati ya zamani ilipima hamu ya kupata kitu kipya. Ya leo inapima mazoea, na mazoea humpendelea aliyekwisha kuingia masikioni. Bendi mpya ya Leeds yenye mashabiki 5,000 wanaoipenda kwa moyo wote ingeweza zamani kugusa chati kwa wiki moja, kwa sababu wote wangenunua katika wiki hiyo. Leo mashabiki hao hao, kila mmoja akiusikiliza wimbo mara 20 katika wiki, wanatoa hesabu ya nakala 1,000 tu hata kama wote wanalipia huduma.

Kampuni ya chati inaufahamu msongamano huo na imejaribu kuupunguza. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu ambayo nyimbo zake 16 ziliingia 20 bora kwa mkupuo, na 9 kati ya hizo zilikuwa ndani ya 10 bora. Miezi michache baadaye ikatungwa kanuni kwamba msanii mkuu hawezi kuwa na nyimbo zaidi ya 3 katika chati kwa wakati mmoja, pamoja na kanuni ya pili ambayo kwa maoni yangu ni muhimu zaidi: wimbo uliokwisha kukaa wiki kama 10, ukashuka wiki 3 mfululizo, hesabu yake hukatwa nusu, yaani msikilizaji anayelipia anahitaji kuusikiliza mara 200 badala ya 100. Nyimbo zilizozidi miaka 3 tangu kutolewa huwekwa katika kiwango hicho cha nusu moja kwa moja.

Kisa cha Kate Bush kinaonyesha kanuni hiyo inavyofanya kazi. Mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things ya Marekani ilitumia Running Up That Hill, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka wakaanza kuusikiliza kwa wingi kuliko wimbo mwingine wowote nchini. Kwa kuwa ni wa mwaka 1985, kila usikilizaji ulihesabiwa nusu, na kwa hesabu hiyo Harry Styles angebaki juu. Kampuni ikaamua kuurudishia kiwango kamili, na mwezi Juni ukawa namba moja, miaka 37 baada ya kutolewa. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, lakini unaonyesha kwamba orodha unayoisoma Ijumaa imepitia mikono na kanuni kabla ya kukufikia, na kwamba bila kanuni hizo nyimbo kongwe zingeitawala zaidi ya unavyoona.

Nyimbo hizo kongwe, ikumbukwe, mara nyingi ni za Waingereza wenyewe. Last Christmas ya Wham!, iliyozuiwa kufika kileleni Desemba 1984, ilikuwa namba moja ya Krismasi mwaka 2023 na tena 2024. Murder on the Dancefloor ya Sophie Ellis-Bextor, ya mwaka 2001, ilirudi hadi namba 2 Januari 2024 kwa sababu ya filamu moja iliyokuwa ikizungumzwa sana. Bohemian Rhapsody ya Queen, iliyoimbwa na Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ilikaa wiki 9 kileleni mwaka 1975 na wiki 5 tena baada ya kifo chake mwaka 1991, na bado inasikilizwa kila siku. Kwa hiyo msanii chipukizi wa Uingereza anashindana na Marekani nzima ya leo na pia na miaka 60 ya mafanikio ya nchi yake mwenyewe. Taifa ambalo halina hazina kama hiyo lina nafasi zaidi kwa vijana wake. Na mapenzi ya Waingereza hayafuati pasipoti: Mr. Brightside ya bendi ya The Killers kutoka Las Vegas, ambayo haikuwahi kupita namba 10, imekaa katika 100 bora za Uingereza zaidi ya wiki 400, ikiimbwa katika arusi na baa kana kwamba ni ya kwao.

Sasa tuje katika jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni lugha. Mchumi Will Page, aliyekuwa mchumi mkuu wa Spotify, pamoja na mwenzake Chris Dalla Riva, walichapisha mwaka 2023 utafiti kuhusu nchi za Ulaya katika zama hizi za kusikiliza mtandaoni. Walikuta jambo lililowashangaza wale waliotabiri kwamba majukwaa ya dunia yatameza kila muziki wa nyumbani: katika nchi kama Italia, Poland na Ufaransa, nyimbo za wenyeji zimeongezeka katika nafasi za juu. Kijana wa Warsaw akiachiwa achague mwenyewe, bila mtangazaji wa kumchagulia, huchagua rapa anayesema lugha ya mtaani kwake. Mmarekani hawezi kumpa hicho, hata awe na fedha kiasi gani.

Uingereza haina uzio huo. Kiingereza ndicho kilichoubeba muziki wake duniani kwa miaka 60, na ndicho kinachoufanya usiwe na mahali pa kujificha sasa. Msikilizaji wa Birmingham anamwelewa mwimbaji wa Nashville neno kwa neno, na Marekani ina watu wapatao mara 5 ya Uingereza. Jukwaa linapojifunza kutokana na tabia za wasikilizaji, wasikilizaji wa Kiingereza walio wengi zaidi ni wa Marekani, na wimbo uliowashika hao hufika London ukiwa na kasi ambayo wimbo wa London hauwezi kuipata peke yake. Zamani Radio 1 ndiyo iliyokuwa ikiamua ni nini kitoke Marekani na kupokewa Uingereza. Leo mtangazaji wa Radio 1 mara nyingi anaukuta wimbo tayari uko 20 bora kabla hajaupiga.

Ndiyo maana muziki wa Uingereza ulioshika vizuri zaidi nyumbani katika miaka hii ni ule wenye lafudhi isiyoweza kutoka mahali pengine. Sprinter ya Dave na Central Cee ilikaa namba moja wiki 10 mwaka 2023, nao ni wimbo wa kurap katika Kiingereza cha vijana wa London, chenye misemo ya mitaa yao na ya wazazi waliohamia kutoka Afrika na Karibi. Sidhani kuwa hilo limetokea kwa bahati. Ndani ya Kiingereza kimoja kuna Kiingereza cha Streatham, mtaa wa kusini mwa London, na hicho kina uzio wake. Wasanii wanaoimba kwa lafudhi ya katikati ya bahari ya Atlantiki, iliyo nusu ya Uingereza na nusu ya Marekani, wakidhani ndiyo njia ya kumfikia kila mtu, wanaingia katika soko ambalo Marekani ina wengi kama wao.

Swali lako la tatu linahusu sharti la redio. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1994, ikaanza kutumika Januari 1996, kwamba asilimia 40 ya nyimbo zinazopigwa redioni ziwe za Kifaransa. Kanada ilitangulia mwaka 1971 kwa asilimia 30, na kwa kuwa nayo inatumia Kiingereza, ililazimika kutafuta kipimo kingine: nani ametunga muziki, nani anaimba, umerekodiwa wapi, na nani ameandika maneno. Uingereza haijawahi kuwa na sharti kama hilo kwa muziki, ingawa wapo waliolipendekeza. Nafahamu kwamba kwenu Kenya mjadala huu umewagusa wasanii wengi, na ninaheshimu hoja zao, kwa sababu katika nchi ambayo redio bado ndiyo mlango mkuu wa wimbo mpya na chanzo cha mirabaha, sharti linaweza kubadilisha maisha ya watu.

Kwa Uingereza ya leo, hata hivyo, sharti lingelenga mahali ambapo tatizo halipo. Chati ya singo ya Uingereza haihesabu kabisa nyimbo zinazopigwa redioni, tofauti na Billboard Hot 100, chati kuu ya singo ya Marekani, inayozihesabu. Radio 1 ingeweza kupiga nyimbo za nyumbani tupu mwezi mzima, na chati isingesogea isipokuwa pale msikilizaji atakapotoka redioni na kwenda kuutafuta wimbo huo mwenyewe kwenye simu. Sharti la kupanga majukwaa yapendekeze nini linazungumzwa katika nchi kadhaa, ila kulitekeleza ni kazi nyingine, kwa kuwa jukwaa linampangia kila mtu orodha yake na hakuna matangazo ya pamoja ya kukagua. Na hata uraia wa wimbo si jambo rahisi. One Dance, iliyokaa namba moja wiki 15 mwaka 2016, iliongozwa na Drake wa Kanada, akiwa na Wizkid wa Nigeria na Kyla, mwimbaji wa Uingereza. Mkaguzi angeuandika wapi?

Mahali ambapo fedha na sheria vingesaidia, kwa maoni yangu, ni kule wimbo unakoanzia. Shirika la Music Venue Trust, linalotetea kumbi ndogo za muziki, liliripoti kwamba mwaka 2023 peke yake Uingereza ilipoteza kumbi 125 za aina hiyo, zikiwa zimefungwa au kuacha kupiga muziki wa jukwaani. Moles ya mji wa Bath ilikuwa mojawapo. Katika ukumbi wa watu 200 msanii hujifunza kuona ni wimbo upi unawageuza watu vichwa na upi unawapeleka baa, na hujifunza hivyo kabla hajawa na kampuni wala meneja. Kodi ya pango, bili za umeme na majirani wapya wanaolalamikia kelele vimeziua kumbi hizo, wakati viwanja vikubwa vinajaza watu 60,000 kwa jioni moja. Pendekezo la kukata pauni moja katika kila tiketi ya viwanja na kumbi kubwa ili kuzitunza ndogo limekubaliwa na wasanii kadhaa, na Coldplay waliahidi asilimia 10 ya mapato yao ya maonyesho ya viwanjani Uingereza mwaka 2025. Nililisoma hilo kwa furaha, lakini hisani ya bendi moja haiwezi kushika nafasi ya utaratibu unaowabana wote.

Upande wa elimu upo mfano unaostahili kuigwa. BRIT School, shule ya sanaa za maonyesho iliyoko Croydon, kusini mwa London, iliyofunguliwa mwaka 1991 na isiyotoza ada, imewatoa Amy Winehouse, Adele, Raye, Cat Burns, Lola Young na Olivia Dean. Kisa cha Raye kinaongeza jambo jingine. Aliandika nyimbo zilizoimbwa na wengine kwa miaka, albamu yake mwenyewe ikiwa haitolewi, hadi mwaka 2021 alipolalamika hadharani na kuachana na kampuni yake ya kurekodi. Wimbo alioutoa akiwa huru, Escapism, ulifika namba moja Januari 2023, na mwaka uliofuata akapata tuzo 6 za BRIT, tuzo kuu za muziki za Uingereza, usiku mmoja, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kwa usiku mmoja. Kilichokuwa kikikosekana ni mtu mwenye mamlaka ndani ya kampuni wa kumwamini msanii wa nyumbani kwa muda wa kutosha, na tatizo hilo chati haiwezi kulionyesha.

Tangu mwaka 2024 ulipokwisha, mambo yamesogea tena. Messy ya Lola Young ilipanda hadi namba moja Januari 2025, miezi mingi baada ya kutolewa. Mwaka huo huo Ordinary ya Mmarekani Alex Warren ilikaa kileleni kwa wiki nyingi kuliko wimbo wowote uliotangulia wa muongo huu, lakini Oktoba Olivia Dean alishika namba moja ya singo na ya albamu kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Uingereza anayeimba peke yake aliyelifanya tangu Adele mwaka 2021. Historia pia inatutahadharisha tusitangaze msiba mapema: Aprili 2002 ilipita wiki ambayo chati ya Marekani haikuwa na msanii hata mmoja wa Uingereza, kwa mara ya kwanza tangu 1963, na ndani ya miaka 10 Adele alikuwa akiuza albamu nyingi kuliko mtu yeyote duniani.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukidhani ni mzunguko tu utakaojirudia wenyewe. Mwaka 2015 wasanii wa Uingereza walikuwa na takriban asilimia 17 ya soko la albamu la dunia. Miaka ya hivi karibuni sehemu yao katika usikilizaji wa mtandaoni imekuwa karibu asilimia 10. Korea Kusini, Amerika ya Kusini na Nigeria wamechukua sehemu yao kwa haki, na sioni kwa nini wairudishe. Linaloweza kufanywa ni kuhakikisha kwamba kijana wa Luton au Sunderland anapata pa kuanzia.

Kwa ajili ya kipindi chako, nakushauri mambo machache. Usitazame namba moja peke yake. Tazama safu inayoonyesha wimbo umekaa wiki ngapi, kisha utafute nyimbo zenye wiki 1 hadi 4 kati ya nafasi ya 20 na 75, kwa kuwa huko ndiko wasanii wapya wa nyumbani wanakoonekana kabla hawajasukumwa nje. Soma pia chati ya albamu. Katika albamu bado kuna watu wanaonunua santuri na CD kwa makusudi, na Waingereza wanafanya hivyo kwa ajili ya watu wao: People Watching ya Sam Fender, mwana wa North Shields katika kaskazini-mashariki ya nchi, iliuza zaidi ya nakala 100,000 katika wiki yake ya kwanza Februari 2025, huku nyimbo zake, hadi wakati huo, zikiwa hazijawahi kumpa namba moja ya singo. Ukiwa na dakika 10 za ziada siku ya Ijumaa, ipitie na chati ya nyimbo za kampuni huru za kurekodi, ambayo Official Charts Company huichapisha kila wiki, ambamo makampuni makubwa ya dunia hayamo. Wasikilizaji wako wa Mombasa watapata humo majina ambayo 10 bora haitawapa mwaka huu.